Simu isiyo na loki niliyonunua Kariakoo: je, itanifaa Iowa?

Mwanafunzi wa Morogoro ameandika:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mwezi wa nane, Mungu akipenda, nitaondoka Morogoro kwenda Ames, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, kwa masomo ya uzamili ya sayansi ya mimea katika chuo cha Iowa State University. Viza nimekwisha kuipata na tiketi imelipiwa. Nimebakiwa na mambo madogomadogo ambayo kila mtu ananishauri kwa namna yake, na linalonisumbua zaidi ni simu.

Simu yangu niliinunua Kariakoo mwaka jana kwa shilingi laki sita na nusu, mpya ndani ya boksi lake. Ina nafasi mbili za laini na haijafungwa kwa mtandao wowote. Nimekwisha kuitumia na laini za kampuni tatu za hapa nchini, na nilipokwenda Nairobi kwa semina ya siku nne nilinunua laini ya kule, nikaichomeka, ikashika mtandao kabla sijapokea chenji kwa muuzaji. Kwa hiyo nilikuwa nimeamini kwamba hata Marekani mambo yatakuwa vivyo hivyo.

Binamu yangu aliyewahi kuishi huko ananiambia nisijidanganye, kwamba simu za kwetu zinakataliwa hata zikiwa hazina loki, ingawa hakuweza kunieleza zinakataliwa na nani wala kwa nini. Muuzaji aliyeniuzia, nilipomrudia, alisema simu ni simu ilimradi haina loki. Ningependa kusikia kutoka kwa mtu aliyekwisha kupita njia hii, kwa sababu posho yangu ya kwanza itaingia mwishoni mwa Septemba, na fedha nitakayosafiri nayo imekwisha kugawanywa kati ya kodi ya chumba, chakula na nguo za baridi.

Swali la pili linahusu laini yangu ya hapa nyumbani. Ndiyo iliyounganishwa na akaunti yangu ya benki, ndiyo yenye WhatsApp, na ndiyo ninayotumia kumtumia mama fedha kule Kilosa. Je, niende nayo, au nimwachie mdogo wangu?

Mkaazi wa Cedar Rapids amejibu:

Ndugu yangu, hongera sana kwa nafasi hiyo. Mimi ni mtu wa Uvira, nikapitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na sasa naishi Cedar Rapids, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Ames. Nilikuja na simu niliyonunua Kasulu, nayo haikuwa na loki, kwa hiyo haya ninayokueleza yamenipata mwenyewe.

Binamu yako na muuzaji wako kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Loki ni kufuli ambalo kampuni iliyouza simu huliweka ili usiitumie na laini ya kampuni nyingine. Kufuli hilo lisipokuwapo, simu iko huru kupokea laini yoyote, lakini uhuru huo hauongezi kitu ambacho kiwanda hakikukiweka ndani yake. Simu huwasiliana na mnara kwa masafa maalumu ya redio, na kila kundi la masafa limepewa namba na huitwa bendi. Kwetu Afrika Mashariki, 4G imeegemea zaidi bendi ya 3, yaani 1800 MHz, pamoja na bendi ya 20 ya 800 MHz na bendi ya 28 ya 700 MHz. Ndiyo maana simu yako ilipofika Nairobi ilishika mara moja: ilikuta masafa yaleyale iliyoyazoea. Marekani kampuni kubwa hazitumii hizo. T-Mobile hutegemea bendi za 2, 4, 66, 12 na 71; Verizon hutegemea 2, 4, 5, 66 na 13; AT&T nayo hutumia 2, 4, 5, 66, 12, 14 na 30. Hakuna haja ya kuzikariri zote. Zinazokuhusu wewe sana ni ya 12, ya 13 na ya 71, kwa sababu ni masafa ya chini, ya 600 MHz na ya 700 MHz, ambayo husafiri mbali na kupenya kuta, na ndiyo yanayofikisha mtandao vijijini. Unakuja kusoma mimea, kwa hiyo siku nyingi utakuwa katikati ya mahindi na soya, mbali na mji.

Bendi zikishapatana bado kuna jambo la tatu, na hilo ndilo lililonikamata mimi. Zamani simu ya 4G ilipotaka kupiga ilishuka kwenye mtandao wa 3G, ikazungumza huko, kisha ikarudi. Marekani njia hiyo imefungwa: AT&T ilizima 3G Februari 2022, T-Mobile ikazima Julai mwaka huohuo, na Verizon ikamaliza Desemba. Tangu hapo sauti hupita ndani ya 4G au 5G yenyewe, kwa huduma iitwayo VoLTE, na huduma hiyo haiji kwa sababu tu simu imeandikwa 4G. Programu ya ndani ya simu inatakiwa kuwa na mipangilio ya kampuni husika, na kampuni nayo iwe imeikubali modeli hiyo. Simu nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya soko letu hazina mipangilio ya kampuni za Marekani, maana hazikukusudiwa kuuzwa huko.

Simu yangu ilikuwa na vijiti vinne vya mtandao na video zilifunguka bila kusita, nikadhani nimefika salama. Jioni moja ya Januari nilirudi kutoka zamu, baridi ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, nikakuta kitasa cha mlango kimeganda. Nikavua glavu moja nikampigia mwenye nyumba. Simu ikaandika kwamba inapiga, ikanyamaza sekunde tatu, ikakata. Nilirudia mara sita, mpaka kidole kikawa hakihisi kioo. Mwenye nyumba yule ni mzee asiyetumia WhatsApp wala ujumbe wa aina yoyote. Aliyeniokoa ni jirani aliyekuwa akitoa takataka, akanipa simu yake. Kesho yake kampuni niliyokuwa nayo iliniambia kwa upole kabisa kwamba intaneti nitaipata, lakini kupiga sitaweza kwa simu ile.

Usiku ule nilichokuwa nakiwaza ni 911, namba ya dharura ya Marekani. Kanuni za Marekani zinazitaka kampuni zipitishe simu ya 911 hata kutoka kwenye simu isiyo na laini hai, lakini simu isiyoweza kupeleka sauti kwenye mtandao uliopo haifiki hata kwenye hatua hiyo. Kwa hiyo usipuuze jambo hili kwa kuwa una WhatsApp. Leo hii, ukiwa bado Morogoro, bonyeza nyota reli sifuri sita reli, uandike namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yako, yenye tarakimu 15, itakayotokea, kisha uingie kwenye tovuti za kampuni za huko. Kila moja ina ukurasa wa kuingiza IMEI ili kujua kama simu uliyonayo itafanya kazi kwao. Ukiona jibu linazungumzia intaneti tu bila kutaja kupiga simu, lichukulie kama hapana.

Fundi wa Mtaa wa Aggrey amejibu:

Nauza na kutengeneza simu Kariakoo, na ninakubaliana na ndugu wa Cedar Rapids kwa kila alichokisema. Sisi wauzaji tunapaswa kuacha kumwambia mteja anayesafiri kwamba simu ni simu, kwa sababu yeye akishapanda ndege hana tena pa kuirudisha.

Ningependa kuongeza namna ya kujua bendi za simu yako bila kubahatisha. Usitafute kwa jina la biashara lililoandikwa kubwa mbele ya boksi. Simu yenye jina moja hutengenezwa kwa modeli mbili, tatu au zaidi, kila moja kwa ukanda wake wa dunia, na kwa nje huwezi kuzitofautisha hata ukizilaza pamoja mezani. Kinachozitofautisha ni namba ya modeli, ile ya herufi na tarakimu iliyochapishwa kwa maandishi madogo ubavuni mwa boksi karibu na mistari ya kusomea bei, na ambayo pia imo kwenye mipangilio, sehemu ya maelezo kuhusu simu. Kwa Samsung, kwa mfano, namba inayoishia na herufi U ni ya simu zilizotengenezwa kwa kampuni za Marekani, na U1 ni zile za Marekani zinazouzwa bila loki. Zetu huishia na herufi nyingine. Chukua namba hiyo nzima, mpaka herufi ya mwisho, uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji, ndipo utaona orodha ya bendi zilizo sahihi kwa simu iliyo mkononi mwako.

Kuna na jambo jingine ambalo limewaumiza wateja wanaonunua simu mpya siku moja kabla ya safari. Baadhi ya simu za Samsung zina kibandiko kwenye boksi kinachoeleza kwamba simu lazima ianze kutumika kwa laini ya ukanda huu, na ipigwe kwa jumla ya dakika tano au zaidi, kabla ya kuchomekwa laini ya kwingine. Mteja anaona simu haina loki, hafungui boksi ili ifike ikiwa mpya, na akifika ugenini inakataa laini. Wewe umeitumia mwaka mzima, kwa hiyo hilo halikuhusu, lakini yeyote anayesoma hapa na ana simu kwenye boksi, aifungue, achomeke laini ya nyumbani na ampigie mtu anayempenda kwa dakika kumi.

Hakikisha pia IMEI inayotokea kwenye kioo ni ileile iliyochapishwa kwenye boksi. Wengi tunakumbuka tarehe 16 Juni 2016, TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilipozima simu bandia. IMEI ndiyo ilikuwa kipimo, na ukurasa wa kampuni za huko nao utakupa jibu la simu nyingine kabisa kama namba si ya kweli. Kuhusu chaja usiwe na wasiwasi: soma maandishi madogo mgongoni mwake, ukikuta 100–240V inafaa kwa umeme wa Marekani wa volti 120, na utahitaji kiunganishi cha soketi tu, maana pini zao ni bapa mbili na zetu ni nene tatu. Kiunganishi hicho usikitumie kwa pasi ya kutoka nyumbani.

Mwanafunzi wa Morogoro ameandika:

Wakuu, nashukuru kwa moyo wote. Nimefuata maelezo ya fundi. Namba ya modeli niliisoma kwa tochi, maana maandishi yamefifia, na orodha ya bendi za 4G niliyoikuta ni 1, 3, 5, 7, 8, 20, 28, 38, 40 na 41, pamoja na 2, 4 na 66. Za 12, 13 na 71 hazimo kabisa. Nilipoingiza IMEI kwenye tovuti za kampuni mbili, ya kwanza ilisema simu haikubaliki, na ya pili ikasema inaweza kutumika lakini baadhi ya huduma huenda zisipatikane. Naelewa sasa kwamba jibu la pili ni lile lililompata ndugu yetu mlangoni kwake.

Msimamizi wangu amekwisha kuniandikia kwamba wiki ya pili tu baada ya kufika tutakwenda kwenye mashamba ya utafiti nje ya mji. Je, kuna haja ya kuibeba simu hii, au niiuze hapa na kuongeza fedha za kununua nyingine huko?

Muuguzi wa Houston amejibu:

Mwanangu, usiiuze. Ibebe, kwa sababu simu hiyo ina kazi nyingine ambayo hakuna simu ya Marekani itakayokufanyia vizuri zaidi: kuilinda laini yako ya nyumbani. Nimeishi Texas miaka kumi na moja, na kosa lililonigharimu zaidi ya yote lilikuwa kuidharau laini yangu ya Dar es Salaam.

Nilipokuja niliitoa, nikaifunga kwenye kitambaa na kuiweka kwenye mkoba. Nilipokuja kuihitaji, benki yangu ilikuwa ikituma namba za uthibitisho kwenye laini hiyo, na laini ilikuwa imekufa kwa kukaa bila kutumika. Nilipiga simu kwa kampuni usiku wa manane, kwa kuwa saa tatu asubuhi ya Dar ni saa saba usiku huku wakati wa kiangazi, nikaelezwa kwamba niende dukani. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, kurudisha laini kunadai kitambulisho cha taifa cha NIDA na kidole chako mwenyewe juu ya kile kifaa kidogo cha wakala. Dada yangu alikuwa tayari kwenda kunisimamia, lakini kidole changu kilikuwa Houston. Fedha ya ada ya mtoto wa marehemu kaka yangu ilikaa benki miezi saba, mpaka niliposafiri.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujaondoka nenda mwenyewe kwenye duka la kampuni yako na uulize mambo matatu, tena umwombe mhudumu ayaandike: laini ikikaa siku ngapi bila matumizi ya kulipia huzimwa, huduma ya romingi, yaani ya kutumia laini yako nje ya nchi, imewashwa au la, na kama wana makubaliano ya romingi ya 4G na kampuni za Marekani. Hilo la mwisho ni muhimu sana, kwa sababu laini ya nyumbani ikifika huku huegemea minara ya wenyeji, na kama makubaliano yao yalikuwa ya 3G pekee, mtandao wa kuegemea haupo tena. Ukifika, iache laini hiyo kwenye simu yako ya Kariakoo, zima kabisa data ya ng'ambo, usipokee simu wala kupiga, subiri ujumbe tu. Hakikisha ina salio dogo, na kila mwezi mtumie mama ujumbe mmoja wa kawaida kwa laini hiyo. Utakatwa shilingi kadhaa, na laini itahesabika kuwa hai.

Benki nayo uifikie tawini. Waombe wakuwekee njia nyingine ya uthibitisho, ya programu au barua pepe, na uingie kwenye programu hiyo ukiwa bado Morogoro, kwa kuwa nyingi hudai kuiona laini ndani ya simu mara ya kwanza. Fanya hivyo pia kwa programu ya fedha za simu, maana zile menyu za nyota na reli zinaweza kugoma ukiwa mbali. WhatsApp ibaki na namba yako ya Tanzania hata ukichomeka laini ya Marekani. Ikikuuliza kama unataka kubadilisha namba, kataa, na uweke namba ya siri ya uthibitisho wa hatua mbili.

Kumwachia mdogo wako laini nakukataza kwa upendo. Simsemi vibaya kijana. Lakini mwenye laini ndiye anayepokea namba za benki, na siku simu yake ikiibiwa kwenye daladala, mlioibiwa ni wawili.

Mkaazi wa Cedar Rapids amejibu:

Mama amesema yote kuhusu laini. Nikurudie kwenye simu ya kupigia. Kwa bendi ulizozitaja, simu yako inaweza kupata intaneti mjini Ames kupitia 2, 4 na 66, lakini shambani utaipoteza mapema, na kupiga usikutegemee. Usinunue kitu uwanja wa ndege. Wiki ya kwanza chuo kitakuwa na waifai, na kwa waifai hiyo simu yako itakufaa kwa kila jambo la kuandikiana. Kisha nunua simu ya kawaida ya huko yenye laini ya kulipia kabla; hutaulizwa historia ya mkopo.

Jihadhari na jambo moja ambalo linaturudisha pale ulipoanzia. Zile za bei ya chini kabisa zinazoning'inia kwenye maduka makubwa, kampuni imezipunguzia bei kwa sababu zimefungwa kwake, na kufuli hilo hufunguliwa baada ya kutimiza masharti ya muda. Kama unataka simu utakayorudi nayo Morogoro, tafuta inayouzwa bila loki, na safari hii uangalie kinyume: iwe na 12, 13 na 71 za Marekani, na bendi ya 3, ya 20 na ya 28 za nyumbani. Angalia pia kama ina mahali pa kuchomeka laini, maana iPhone zinazouzwa Marekani kuanzia iPhone 14 hazina kabisa nafasi ya kadi, hutumia laini ya kielektroniki peke yake. Ukifika niandikie hapa. Nina siku moja ya mapumziko katikati ya wiki, nitakuja tukaitafute pamoja.

Mwanafunzi wa Morogoro ameandika:

Mama Muuguzi, shikamoo. Leo nimekwenda dukani Msamvu na nimeuliza yale matatu. Mhudumu alilazimika kupiga simu Dar es Salaam kwa lile la romingi ya 4G, akaniandikia jibu kwenye karatasi na kugonga muhuri: Marekani wana makubaliano na kampuni moja, na huduma nimewashiwa palepale. Benki nitakwenda Jumatatu. Nimemweleza mama kwamba kila tarehe mosi atapata ujumbe wa kawaida kutoka kwangu, na ameniomba usiwe wa maneno mawili.